Kutambua Vipokezi vya Adrenalini kwenye Ateri za Moyo wa Nguruwe

Moyo huu wa nguruwe umetoka machinjioni ndani ya maji ya Krebs (maji ya chumvi yanayofanana na ya mwilini) yaliyopoa kwenye barafu. Ukitengeneza maji hayo mwenyewe, pitisha kwanza gesi ya oksijeni asilimia 95 na kaboni dayoksaidi asilimia 5, kisha kalsiamu iingie mwisho. Ukiitia mapema, maji yanakuwa na ukungu mweupe, na hayo ni ya kumwaga.

Chambua ateri ya mbele, ondoa mafuta yote, kata pete za milimita 3. Mkasi usiguse ndani. Kwa jaribio hili tunasugua utando wa ndani kwa waya, kwa sababu vipokezi vya alfa-2 (aina moja ya vipokezi vya adrenalini) vilivyomo huachia nitriki oksaidi, gesi inayolegeza mshipa, na kuchafua matokeo. Hakikisha utando umeondoka kwa bradikinini, dawa inayolegeza mshipa kupitia utando huo: pete isilegee. Asetilikolini haifai hapa, maana hiyo hukaza ateri ya nguruwe.

Ning'iniza pete kwenye ndoano mbili, nyuzi joto 37, gesi ikiendelea kupita. Anza na mvuto wa gramu 2, ongeza kidogo kidogo, na kila mara pima mkazo wa kloridi ya potasiamu milimola 60. Mkazo usipozidi kukua, umefika. Pumzisha pete saa moja hivi, ukibadilisha maji kila dakika 15.

Sasa ikaze kwa U46619 (dawa ya kukaza mshipa) hadi nusu au theluthi mbili ya mkazo ule wa potasiamu. Potasiamu nyingi yenyewe usiitumie kukazia: inaziba njia ya kulegea inayopitia mifereji ya potasiamu, nawe utadhani dawa haifanyi kazi. Mkazo ukitulia, tia isoprenalini, dawa inayoamsha vipokezi vya beta na kulegeza pete, kwa kujumlisha (bila kuosha katikati), kutoka nanomola 1 hadi mikromola 10, kila hatua mara tatu hivi ya iliyotangulia. Iyeyushe na asidi askobiki. Ikigeuka waridi imeoza.

Linganisha na noradrenalini na adrenalini. Adrenalini ikiishinda noradrenalini kwa mbali katika kulegeza, fikiria beta-2. Zikikaribiana, au noradrenalini ikitangulia, fikiria beta-1. Huo ni mwelekeo tu. Hukumu inatoka kwa vizuizi, yaani dawa zinazoziba vipokezi.

Kwenye pete nyingine tia ICI 118551 nanomola 50, ngoja dakika 30 hadi 45, kisha rudia isoprenalini. Kizuizi hiki hushika beta-2 kwa nguvu takriban mara mia kuliko beta-1, kwa hiyo kama ni beta-2 mchoro wa kulegea dhidi ya kiwango cha isoprenalini unasogea kulia karibu mara 50. Kama ni beta-1, haufiki hata mara 2. CGP 20712A, kizuizi cha beta-1, kwa nanomola 100 hutoa picha iliyo kinyume. Wengi hukosea kwa kumimina mikromola nzima "ili izibe vizuri": kwa kiwango hicho ICI inagusa aina zote mbili. Tumia viwango vitatu vya kizuizi. Mteremko wa mchoro wa Schild (unaolinganisha msogeo huo na kiwango cha kizuizi) ukikaa karibu na 1, una kipokezi kimoja. Ukiwa pungufu sana, shuku mchanganyiko.

Pete moja isipewe kizuizi kabisa. Hiyo hukuonyesha kiasi gani mabadiliko yameletwa na muda peke yake.

Alfa huja mwisho, kwa pete isiyokazwa. Ziba beta kwa propranololi mikromola 1, tia fenilefrini inayoamsha alfa-1, kisha rudia baada ya prazosini, kizuizi chake, nanomola 100. Mkazo ukiwa mdogo usishtuke. Ateri kubwa za moyo wa nguruwe zina beta nyingi kuliko alfa.