Jeni zilizobebeshwa, na jeni za kwa mjomba

(Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini mbele ya wazee, walimu na wanafunzi wa afya, umeandikwa kama ulivyosemwa)

Wazee wangu, shikamooni. Na nyie wengine, hamjambo? Nimeombwa nizungumzie jeni, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya seli za mwili, na saratani ya tezi dume. Nikitazama ukumbi naona nusu yenu ni watu wa korosho, kwa hiyo tutaanzia shambani.

Kabla ya hapo tuelewane jambo moja. Tezi dume si busha. Huku kwetu pwani mabusha tumeyazoea, na mwanamume akisema “nina tatizo kule chini”, watu wanamalizia wenyewe. Busha huletwa na minyoo inayosambazwa na mbu, na linaonekana kwa macho. Tezi dume huioni. Imejificha chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, na kila mwanamume anayo tangu kuzaliwa. Ikikua uzeeni mkojo unatoka kwa kukatakata, na mara nyingi si saratani. Lakini pengine ni saratani, na leo tunazungumzia hiyo.

Haya, shambani. Mnajua kubebesha mche. Unaotesha mbegu ya kawaida, unaikata shingo, unachukua kikonyo cha mkorosho unaozaa sana, unakichomeka, unafunga nailoni. Mizizi ni ya huyu, matawi ni ya yule. Mizizi inakunywa maji bila kuuliza inamlisha nani.

Ndani ya seli ya tezi dume kuna jeni iitwayo TMPRSS2. Wengine mlilisikia jina hili wakati wa Uviko, maana kirusi kile huitumia protini yake kuingilia kwenye seli. Katika tezi dume jeni hii ina mizizi ya aina yake: inakunywa homoni za kiume. Homoni zikifika, inafanya kazi kwa nguvu. Jeni zimepangwa kwenye nyuzi za vinasaba ziitwazo kromosomu. Kwenye kromosomu hiyohiyo ya TMPRSS2, namba 21, umbali wa herufi za vinasaba kama milioni 3, kuna jeni nyingine, ERG. Hii kazi yake iko kwenye mishipa ya damu. Ndani ya seli ya tezi dume inatakiwa ikae kimya.

Sasa homoni zinapofanya kazi, uzi wa vinasaba unakunjwa, na jeni hizi mbili zinakaribiana. Uzi ukikatika penye TMPRSS2 na penye ERG kwa wakati mmoja, mafundi wa seli wanakuja kuunga. Wakikosea ncha, mwanzo wa TMPRSS2 unaungwa na mwili wa ERG, na mara nyingi kipande cha katikati kinapotea kabisa. Mche umebebeshwa. Mizizi inakunywa homoni kama kawaida, ila juu inazaa ERG, usiku na mchana.

Muunganiko huu uligunduliwa mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na kundi la Arul Chinnaiyan akiwa na mwanafunzi wake Scott Tomlins. Jeni zilizoungana zilikuwa zikijulikana kwenye saratani za damu tangu miaka ya 1980, lakini wengi hawakutegemea kuzikuta kwenye uvimbe wa kawaida kama huu. Mimi nilichokipenda zaidi ni njia waliyotumia. Ukipima unyevu wa korosho ghalani ukachukua wastani, magunia machache yaliyooza yatajificha ndani ya wastani huo. Wenzao walikuwa wakichukua wastani wa wagonjwa. Wao wakatafuta magunia yaliyooza: jeni zinazopiga kelele kwa baadhi ya wagonjwa tu. Wakaikuta ERG.

Muunganiko huu peke yake hautoshi kuleta saratani kamili. Kwa panya waliowekewa ERG tu, ugonjwa haukufika mbali. Walipoondolewa pia PTEN, ambayo ni breki ya ukuaji wa seli, mambo yakaharibika. Gari bovu haliui mpaka likutane na mteremko, na huu mteremko wa Mikindani mnaujua.

(Kicheko.)

Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya, karibu nusu ya saratani hizi zina muunganiko huo. Kwa Wamarekani weusi ni kama robo au theluthi, na kwa weusi waliochunguzwa Afrika Kusini ni wachache zaidi. Wakati huohuo Wamarekani weusi wanakufa kwa saratani hii karibu mara 2 ya weupe. Kwa hiyo kinachotuumiza sisi si huu muunganiko peke yake. Kuna kipimo cha mkojo kilichotengenezwa Marekani cha kuutafuta. Kikiletwa hapa, mtu wa Newala akaambiwa “hatukuuona”, asichinje mbuzi.

Sasa nifike nilipotaka. Watu wakisikia “jeni” wanasema “ah, ni ya ukoo”. Muunganiko wa TMPRSS2 na ERG si wa ukoo. Umetokea ndani ya tezi yako, ukubwani. Hukuupewa na baba, na mwanao humrithishi. Zinazorithiwa ni nyingine, na maarufu ni BRCA2, mmoja wa wale mafundi wa kuunga uzi. Aliyezaliwa na BRCA2 mbovu, saratani ya tezi dume inaweza kumjia mapema na kwa ukali. Kila mtoto wake ana nafasi sawa ya kuipata au kuikosa, kama kurusha shilingi.

Na BRCA2 haichagui jinsia. Mwanamke anaibeba, kwake inaleta saratani ya titi au ya ovari, au haileti kitu, na anaweza kumpa mwanawe wa kiume. Hospitali tunauliza: “Baba yako aliugua?” Kwa Mmakonde au Mmwera swali hilo ni nusu. Ukoo wetu unafuata mama, kwa hiyo tuulize pia habari za mjomba na mama mdogo, jambo ambalo hata madaktari wa Ulaya husahau. Kujua kunasaidia: tangu 2020 Marekani imeruhusu dawa ya olaparib kwa wenye saratani iliyosambaa na mafundi wabovu wa namna hii. Bei yake hapa sitaitaja, nisiharibu mchana wenu.

Maswali? Ndiyo, mzee wa kofia.

“Mwanangu, mjomba wangu alikufa mkojo umeziba, na mgongo ukimuuma hata kulala hawezi. Tuliambiwa busha limeingia ndani.”

Busha haliingii mgongoni, mzee. Saratani ya tezi dume ndiyo inayopenda mifupa ya mgongo. Alikuwa na umri gani?

“Hakufika hamsini.”

Na dada zake?

“Wawili. Mama yangu, na mdogo wake aliyekatwa titi.”

Tukimaliza chai usiondoke, mzee. Kaa nami hapa mbele, unitajie watoto wao wote, wa kike kwanza.