Sauti Tumepewa, Ala na Karatasi Je?

Asanteni sana. Mliosimama mlangoni sogeeni, huku mbele viti vipo.

Nimeombwa nifungue kikao hiki cha wanawake wanamuziki kabla wenzangu hawajapanda kutueleza walivyoingia kwenye muziki, nani aliwavuta na nini kiliwakwaza. Nitaanza na kisa ambacho kimenitokea mara nyingi, hata sina haja ya kutaja lini. Ni jioni, ukumbi bado mtupu, tunapima sauti kabla ya onyesho. Nimepanda jukwaani, gitaa la besi nimelivaa begani, nimeinama natafuta pa kuchomeka waya. Anakuja fundi mitambo, kijana mwenye adabu zake, ananiambia: "Dada, maiki yako ni ile ya katikati. Mpiga besi akifika mwambie aje tupime." Gitaa ninalo mwilini. Nyuzi nne ziko mbele ya macho yake. Yeye bado anamngoja mtu.

Nilichomeka waya, nikaupiga ule uzi mnene kuliko wote, nikauacha ulie mpaka ukaisha wenyewe. Akanitazama, akarudi kwenye meza yake, tukafanya kazi. Baadaye aliniomba radhi, nami nilimsamehe kwa moyo mweupe, kwa sababu hakuwa na nia mbaya. Tangu utotoni kila jukwaa aliloliona limemfundisha kwamba mwanamke akipanda pale, amepanda kuimba.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema muziki umetufungia milango. Mlango wa sauti uko wazi, na umekuwa wazi siku nyingi. Tunaitwa tuimbe, tunapambwa, tunapigiwa makofi. Tunanyimwa kwenye ala na kwenye karatasi, yaani mikataba na haki za nyimbo. Anayejua ala haulizi mtu wimbo wake uko kwenye ufunguo gani, yaani unaanzia sauti ipi. Aliyeshika karatasi ndiye mwenye wimbo kesho, hata kama hajui kuimba.

Mtazameni Nina Simone. Wazazi wake walimwita Eunice Waymon, akazaliwa mwaka 1933 North Carolina, Marekani, na tangu mdogo alikuwa mpiga piano. Ndoto yake ilikuwa kupiga tungo za Bach, yule mtunzi wa kale wa Ujerumani, kwenye kumbi kubwa. Mwaka 1951 aliomba kuingia Curtis, chuo cha muziki cha Philadelphia, wakamkataa, na maisha yake yote aliamini kilichomponza ni rangi yake. Mwaka 1954 akapata kazi ya kupiga piano kwenye baa Atlantic City. Akajibadilisha jina ili mama yake, aliyekuwa mhubiri, asijue binti yake anapiga piano ya baa. Usiku wa kwanza alipiga tu, hakuimba. Mwenye baa akamwambia: kesho uimbe, la sivyo huna kazi.

Tulieni hapo kidogo. Mtu ametumia utoto wake wote kwenye piano, anaambiwa vidole havitoshi, atoe sauti. Aliitoa, na sote tunajua ilivyokuwa. Lakini nawaomba, mkirudi nyumbani wekeni rekodi yake moja yoyote, mfumbe macho, msahau kabisa kama anaimba. Ufuateni mkono wa kushoto. Utasikia Bach yule yule aliyenyimwa, yuko chini ya wimbo, anatembea. Mimi nilipoligundua hilo nilikuwa na miaka kumi na tisa, nililia. Nikasema huyu hakuacha ala. Waliomlazimisha kuimba hawakumnyang'anya mkono.

Sasa karatasi. Haki za albamu yake ya kwanza aliziuza kwa dola 3,000. Mwaka 1987 wimbo mmoja wa albamu hiyo ukatumika kwenye tangazo la manukato, ukapanda chati za Ulaya, karibu miaka thelathini baada ya yeye kuurekodi. Hesabuni wenyewe. Na chuo kile cha Curtis kilimtunuku shahada ya heshima mwaka 2003, siku chache tu kabla hajafariki.

Kwa upande wa ala, mtu wangu ni Stella Chiweshe wa Zimbabwe. Mbira, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole, kwao si chombo cha kuburudisha tu, ni ala ya ibada, ya kuitia roho za waliotangulia, na ilihesabiwa kuwa ya wanaume. Alipotaka kujifunza, kila mwalimu alimkatalia, mpaka ndugu mmoja mzee wa upande wa mama yake akakubali. Alipokwenda kurekodi wimbo wake wa kwanza, mwaka 1974, hakuwa hata na mbira yake mwenyewe. Aliazima. Fikirini: mkono umeshajua, kidole gumba kinajua chuma kipi kinafuata, lakini ala ni ya kuomba. Alifariki mwaka 2023 akiwa ameipigia mbira dunia nzima.

Na hapa nimtaje Bi Kidude, kwa sababu watu humkumbuka kwa sauti yake nzito na kusahau ngoma. Fatuma binti Baraka wa Zanzibar alijifunga msondo kiunoni, akausimamisha mbele yake na kuupiga mwenyewe, akiwa mzee kuliko bibi zetu wengi. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, na mwaka 2013 akatutoka. Ukitaka kujua mwanamke mwenye ala anasimamaje, tazama picha zake. Mikono iko kazini, uso umetulia, wala hamtazami mtu kuuliza aanze lini.

Kuna mtu ataniambia: lakini siku hizi anachukuliwa anayejua, mwanamke au mwanamume. Basi nitawaeleza habari ya Abbie Conant, Mmarekani mpiga tromboni, lile tarumbeta la bomba la kuvuta na kusukuma. Mwaka 1980 orkestra ya Munich Philharmonic ya Ujerumani ilikuwa inatafuta tromboni ya kwanza, yaani kiongozi wa wapiga tromboni. Barua ya mwaliko ilimwandikia "Bwana". Majaribio yakafanyika nyuma ya pazia, kwa hiyo waamuzi walisikia tu. Walikuwa watu 33, yeye alikuwa wa 16. Alipomaliza wakasema wamempata wanayemtaka, wakawarudisha nyumbani wote waliobaki kabla hawajapiga. Pazia likafunguliwa, akatoka mwanamke.

Kazi alipewa, hawakuwa na la kufanya. Lakini mwaka 1982 wakamshusha kuwa tromboni ya pili, kwa hoja kwamba tromboni ya kwanza inataka mwanamume. Akaenda mahakamani. Ikafika mahali akapimwa mapafu hospitalini, akapuliza vipimo kuthibitisha ana pumzi ya kutosha. Pumzi! Watu wale wale walikuwa wamemsikia akipuliza, wakaacha kuwasikiliza wengine. Kesi hizo, za cheo kisha za mshahara, zilimla miaka 13. Alishinda. Ila miaka 13 ya mwanamuziki ni mingi, dada zangu. Hiyo ni miaka ya kukaa kwenye ala, naye akaitumia kukaa na mawakili.

Orkestra nyingi zilianza kutumia pazia miaka ya sabini na themanini, na wengine hutandika zulia sakafuni, kwa sababu kisigino cha kiatu nacho huzungumza. Mimi siamini pazia ndilo jibu la mwisho. Mwanamke hawezi kuishi nyuma ya kitambaa. Lakini limetuonyesha jambo moja ambalo halikanushiki tena: masikio yalikuwa yanatukubali muda wote, macho ndiyo yaliyokuwa yanakataa.

Nirudi kwenye karatasi, maana ndiko ninakoona wadogo zangu wanaumia zaidi. Fanny Mendelssohn, dada yake Felix, mtunzi mashuhuri wa Ujerumani, aliandika tungo zaidi ya 450. Mwaka 1820, akiwa na miaka kumi na minne, baba yake alimwandikia kwamba kwa kaka yake muziki huenda ukawa kazi, kwake yeye uwe pambo tu. Baadhi ya nyimbo zake zikachapishwa kwa jina la Felix. Mwaka 1842 Felix alikaribishwa na Malkia Victoria wa Uingereza, malkia akachagua wimbo anaoupenda kutoka kitabu cha Felix akauimba. Felix ikabidi akiri pale pale: huu ni wa dada yangu. Kitabu cha kwanza cha nyimbo zake kwa jina lake Fanny alikichapisha mwaka 1846. Mwaka uliofuata akafa, ana miaka 41.

Mimi nami nina karatasi yangu. Nilisaini nikiwa na miaka ishirini na mbili, mbele ya mtu aliyenikaribisha kwa ukarimu, akaniita mwanangu, akanipa kalamu yake. Kurasa sita. Sikuzisoma. Niliona aibu kusoma mbele yake, kana kwamba kusoma ni kumwambia simwamini. Hiyo aibu ndiyo waliyoitegemea. Tulilelewa kwamba msichana mwenye heshima hahoji, na mkataba umeandikwa kwa ajili ya mtu asiyehoji. Miaka minne baadaye nikataka kuupiga wimbo wangu mwenyewe kwenye rekodi nyingine, nikaambiwa niombe ruhusa. Niliutunga mimi, kitandani, usiku, mtoto wangu akiwa amelala kifuani. Ruhusa sikupata.

Kwa hiyo shikeni hili, hata kama mengine mtasahau. Wimbo una haki za aina mbili. Kuna haki ya utunzi, yaani maneno na tuni, hata kama hakuna aliyewahi kuurekodi. Na kuna haki ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa studio siku ile. Ni vitu viwili tofauti, vinaweza kuwa na wenyewe wawili, na vina mirabaha yake kila kimoja, yaani malipo kila kinapotumika. Prodyuza akikuambia "nimelipia studio, kwa hiyo wimbo ni wangu", huenda ana hoja kwenye rekodi. Kwenye utunzi hana, isipokuwa umpe kwa saini yako.

Mnamjua Taylor Swift, mwimbaji wa Marekani. Mwaka 2019 rekodi za albamu zake sita za kwanza ziliuzwa kwa watu ambao yeye hakuwataka. Alichofanya ni kurudi studio kurekodi upya albamu nne kati ya hizo, akazitoa kuanzia mwaka 2021, na mashabiki wakahamia kwenye rekodi mpya. Aliwezaje? Kwa sababu utunzi haukuwa umemtoka, na muda wa mkataba uliomzuia kurekodi upya ulikuwa umeisha. Nyimbo alizitunga, peke yake au na wenzake, na haki hiyo alikuwa bado ameishika. Mwaka 2025 akazinunua zile za zamani. Mtasema yeye ana fedha, na ni kweli. Lakini ile haki ya utunzi ndiyo iliyompa nguvu ya kuzirudia nyimbo zile kama zake.

Mengine nitayapitia haraka kwa sababu wenzangu watayaeleza vizuri kuliko mimi. Uzazi: ukipata mimba simu zinakatika, na hakuna anayekuambia kwa nini. Mimi nilipiga besi mpaka mwezi wa nane, gitaa nimelipandisha juu ya tumbo, na sikukosea noti. Na mtu anayekuita studio usiku, peke yako, akidai ndipo sauti inapotulia: binti yangu, aibu ya hilo ni yake yeye, wala usiibebe. Mwambie mtu. Niambie mimi, nimekaa kiti cha kwanza pale hadi kikao kiishe, na kesho yake pia simu yangu iko wazi.

Siwezi kushuka bila kumtaja Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Zanzibar, kwa wazazi waliokuwa watumwa, akauza vyungu akiviita kwa sauti mitaani, na sauti ile ile ikamfikisha Bombay, India, mwaka 1928 kurekodi santuri, kwa Kiswahili, wakati hakuna mwanamke wa pwani yetu aliyewahi kufanya hivyo. Hakuwa na elimu ya darasani. Aliyoyataka yabaki aliyaweka kwenye kumbukumbu na kwenye wimbo. Aliimba mapenzi, na aliimba pia mahakama zilizomwonea mnyonge, akijua wakubwa wako barazani wanamsikiliza. Kila ninapochoka namkumbuka yule mwanamke wa vyungu. Najiuliza angefanya nini kama angekuwa na kile ambacho nyinyi mnacho leo, yaani macho yaliyofundishwa kusoma.

Basi tusome. Mkataba wangu ule wa kurasa sita nimeutoa nakala, majina yote nimeyafuta kwa wino mweusi, unapita huko nyuma sasa hivi. Kila mmoja achukue, ampe jirani. Fungueni ukurasa wa nne. Kipengele kinachoanza na maneno "Msanii anakubali", mstari wa pili wake, pale palipoandikwa "kwa namna zote zilizopo na zitakazovumbuliwa". Nani atatusomea? Wewe dada mwenye mkoba wa gitaa. Simama, soma taratibu, na ukifika kwenye neno usilolielewa, nyamaza hapo hapo tulijadili.