Nimeendesha Dodge Charger, gari la umeme: jibu kwa mnaouliza kama nauza Mustang yangu ya zamani

Habari zenu ndugu zangu. Leo nipo Moshi, Pasua, uani kwa mzee. Nimekuja likizo ya wiki tatu. Hizo nyundo mnazosikia ni gereji ya jirani, mniwie radhi.

Narekodi hii kwa sababu swali ni lilelile kila siku. "Mangi, umeshaendesha gari la umeme la sekunde tatu, hilo Ford Mustang la mwaka 67 unalifanyia nini tena?" Na machalii wa Arusha nao: "Lilete huku tulione." Kabla hujaandika kwamba najionyesha, naomba uelewe: hilo gari la umeme si langu. Nililijaribu kwa dakika arobaini, kwenye duka la magari kule Michigan, Marekani, ninakoishi, nikarudisha ufunguo.

Ni Dodge Charger Daytona Scat Pack. Nguvu za farasi 670, mota mbili, moja mbele na moja nyuma. Kutoka kusimama hadi maili 60 kwa saa, yaani kama kilomita 97, ni sekunde 3.3. Mustang yangu ina V8, injini ya silinda nane, ya lita 4.7 iliyotoka kiwandani na farasi 200. Ikifika mwendo huo kwa sekunde tisa nashukuru.

Taa ilipowaka kijani nikakanyaga, na kisogo kikagonga kiti pale pale. Kwenye V8 ukikanyaga, kabureta inavuta pumzi, pua ya gari inanyanyuka, mlio unapanda, halafu ndiyo nguvu inakuja. Unaisubiri kidogo na unaisikia ikija. Mota ya umeme haina kusubiri, nguvu yote ipo tangu gurudumu halijaanza kuzunguka. Asikudanganye mtu kwamba magari yetu ya zamani ni makali zaidi. Tumeshindwa. Breki ndiyo usiseme: Mustang yangu ni dramu, breki za kizamani, magurudumu yote manne. Mvua ikinyesha naanza kukanyaga mapema, kama dereva anayeshuka na lori la ndizi kutoka Marangu.

Lakini yapo mawili. Uzito kwanza: betri imelifanya gari zima lizidi tani mbili na nusu, na kwenye kona unausikia ule mzigo ukikuvuta nje. Pili ni mlio. Dodge wameliwekea mfumo wa sauti unaotokea nyuma, na wenyewe wanasema unafika desibeli 126. Ni mkubwa kweli, watu waligeuka. Ila mimi nimekulia hapa uani. Nilikuwa na miaka tisa mzee alipoanza kuniita nisimame karibu na Peugeot 504 za wateja, ananiuliza, "Silinda ngapi zinachoma?" Nikikosea narudia kusikiliza hadi nipatie. Kwangu mlio ni habari ya gari. Mustang ikikosa silinda moja najua kabla sijashuka. Mlio wa lile la umeme ni mzuri, lakini haukwambii gari linaumwa wapi.

Sasa la hela, najua ndilo mnalosubiri. Ili tu nipewe ufunguo wa lile la umeme niliombwa leseni, karatasi ya bima, na ushahidi wa mshahara. Mteja aliyenitangulia alitoa leseni peke yake. Silitaji duka, lakini iliniuma na bado inaniuma. Michigan bima ya gari ni ghali kuliko majimbo mengi. Ndiyo maana Mustang nimeikatia namba za kihistoria, zinazotolewa kwa gari lenye miaka 26 au zaidi. Masharti yake ni kwamba huendeshi utakavyo: ni maonyesho, misafara na shughuli za vilabu, isipokuwa Agosti ambayo uko huru mwezi mzima. Wanaosema video zangu za Woodward Avenue, barabara ya kule Detroit, ni za kujidai Agosti tu, sababu ndiyo hiyo. Na kadi ya gari ilinichukua miezi saba, kwa kuwa aliyeniuzia alikosea kuandika maili akafuta kwa kalamu. Karatasi ikishafutwa hawaipokei.

Mimi napanga, ghorofa ya tatu. Nimemwandikia mwenye nyumba barua tatu kuomba chaja kwenye maegesho, hajajibu hata moja. Na betri ya lile gari inashika yuniti 100, zilezile za LUKU. Mama hapa ana friji na TV, na hamalizi yuniti 100 kwa mwezi. Ukitegemea chaja za barabarani, bei ya yuniti si ile ya nyumbani.

Kulileta Moshi? Usukani uko kushoto. Kuna ushuru wa forodha, halafu VAT asilimia 18 inapigwa juu ya hapo, na mengine yanafuata. Mwaka juzi nilimtumia mzee kompresa ya gereji tu. Herufi moja ya jina ilikosewa kwenye karatasi, ikakaa bandarini wiki sita, nikalipia kuhifadhiwa kuliko nilivyoinunua. Na wapo ndugu hadi leo wanasema nilileta kitu cha bei rahisi. Basi.

Hayo ni yangu mimi. Wewe mwenye nyumba yako na soketi ya ukutani, hesabu yako ni nyingine kabisa, na ukiuliza gari lipi ni bora barabarani nitakwambia la umeme.

Mustang siuzi. Jana usiku nilimwonyesha mzee video ya injini ikiunguruma. Picha hakuitazama. Alifumba macho, akaisogeza simu sikioni, akasikiliza hadi mwisho, akaniambia niirudishe mwanzo. Halafu akasema, "Kuna moja haichomi vizuri. Angalia plagi."

Nikirudi nafungua zote nane. Nitawarekodia.