Jasho, Chumvi na Unyevu: Kusafisha Jimu ya Biashara Dar es Salaam

Ndugu wamiliki, mameneja, na ninyi kaka na dada mnaoshika mopu na matambara kila siku, habari za asubuhi. Poleni na foleni. Najua wengi wenu milango imefunguliwa tangu saa kumi na moja na nusu alfajiri na wateja bado wako kwenye vyuma, kwa hiyo tuingie kwenye kazi moja kwa moja.

Mteja akiingia jimu na kukaribishwa na harufu kali ya jiki, husema hapa pasafi. Harufu hiyo inathibitisha tu kwamba dawa imemwagwa. Haithibitishi kwamba jasho limeondoka, wala kwamba dawa ilikaa muda wa kutosha, wala kwamba kilichofutwa kilikauka. Hilo la mwisho, kukauka, ndilo nitakalolirudia leo mpaka mlichoke. Hewa yetu imebeba maji mwaka mzima, na kuanzia Machi hadi Mei masika yanazidisha. Miongozo mingi inayokuja na mashine imeandikwa katika nchi ambazo benchi likifutwa linakauka lenyewe. Hapa, benchi lililofutwa saa nne usiku, kisha kiyoyozi kikazimwa na madirisha yakafungwa, asubuhi unalikuta bado lina ubaridi wa maji. Fangasi hahitaji zaidi ya hapo.

Tunapambana na nani? Bakteria wa majipu, Staphylococcus aureus, anaweza kuishi juu ya plastiki na chuma kwa siku nyingi, wakati mwingine miezi, na wako aina sugu ambao antibiotiki za kawaida anazopewa mgonjwa haziwawezi. Wako fangasi wa choa na wa vidole vya miguu. Viko virusi vya vidutu vya nyayo, vinavyopenda sakafu ya bafu. Wote hao wanahama kwa njia ileile: ngozi, hasa yenye mkwaruzo, inagusa mahali palipoguswa na ngozi ya mwingine. Ndiyo maana mteja mwenye kidonda kinachotoa maji anatakiwa akifunike vizuri, na kama hakifunikiki apumzike kwanza. Mhudumu wa mapokezi afundishwe kulisema hilo kwa staha, pembeni, bila kumwaibisha mtu mbele ya wenzake.

Sasa tuje kwenye dawa, maana hapa ndipo fedha nyingi zinapotea.

Sabuni kwanza, dawa baadaye. Jasho lina chumvi, mafuta na protini. Klorini ikikutana na uchafu huo inaishia humo, na vijidudu vinabaki vimejificha chini ya utando. Kwa hiyo futa kwa maji ya sabuni laini, ondoa sabuni kwa kitambaa chenye maji safi, ndipo upake dawa. Ziko dawa zinazosafisha na kuua kwa pamoja, na kwa benchi lenye jasho jepesi zinatosha. Kwa benchi la kifua saa moja jioni, lililolaliwa na watu thelathini, hazitoshi.

Jiki ya dukani mara nyingi ina klorini asilimia 3.5, lakini soma lebo kila unaponunua chupa mpya. Kama ni 3.5, kwa sakafu ya bafu na vyoo tunataka mchanganyiko wa asilimia 0.1, yaani sehemu moja ya jiki kwa sehemu 34 za maji. Kwa ndoo ya lita 10 ni karibu mililita 290. Pimeni kwa jagi lenye alama, wala si kwa kukadiria na kifuniko, na msipime kamwe kwa chupa ya maji ya kunywa ambayo mtu anaweza kuja kuikuta na kuinywa. Damu ikimwagika, vaa glavu, ifyonze kwa karatasi, kisha mwaga mchanganyiko mkali wa asilimia 0.5, yaani jiki moja kwa maji sita, uache dakika kumi, halafu suuza. Maji yawe ya baridi, kwa sababu joto linaivunja klorini. Jua nalo linaivunja, kwa hiyo mchanganyiko wa leo umwagwe leo. Ile dawa inayopimwa mtaani kutoka kwenye dumu lisilo na lebo muiache. Bei yake nafuu, lakini hujui nguvu yake, na usichokijua nguvu huwezi kukipigia hesabu.

Na hili nawaomba mlishike kwa uzito wote: jiki isikutane na dawa ya choo yenye asidi, wala na siki, wala na dawa yenye amonia. Jiki na asidi hutoa gesi ya klorini, na katika choo kidogo kisicho na dirisha mfanyakazi anaweza kuumia mapafu vibaya. Kila chupa ya kupulizia iandikwe kwa kalamu isiyofutika: ni dawa gani, imechanganywa kwa kipimo gani, tarehe gani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Glavu na miwani ya kuzuia dawa machoni si zawadi ya mwisho wa mwaka.

Jiki haina kazi kwenye mashine. Inakula chuma, hata kile mnachouziwa kuwa hakishiki kutu, na leza bandia, ile ngozi ya kutengeneza inayofunika benchi, inakakamaa mpaka inapasuka. Spiriti ya asilimia 70 nayo ikitumika kila siku inaikausha leza na mishikio ya mpira. Iwekeni kwa vitu vidogo vigumu, tena mbali na moto. Kwa mabenchi na mishikio, chagueni dawa za kundi la amonia ya kwatenari (kwa Kiingereza “quaternary ammonium”), lakini kwa macho mawili. La kwanza ni muda. Kila lebo inasema sehemu inatakiwa ibaki imelowa kwa dakika ngapi ili vijidudu vife, na nyingine zinadai dakika kumi. Chini ya feni, hakuna benchi litakalobaki limelowa dakika kumi. Nunueni yenye muda mfupi, dakika moja hadi tatu, hata ikiwa ghali kidogo. Anayepuliza na kufuta papo hapo amefuta jasho tu. La pili ni kitambaa. Pamba inaikamata dawa ya aina hii, unachopaka kinatoka dhaifu. Tumieni kitambaa ambacho mtengenezaji wa dawa amekiruhusu, mara nyingi maikrofaiba au karatasi maalumu. Dawa ikishamaliza muda wake, pitisha kitambaa chenye maji safi, kisha kikavu. Utando wa dawa usipoondolewa unanata, na unaonata unashika vumbi.

Benchi likichanika, jasho linaingia kwenye sponji na hapo hakuna dawa itakayolifuata. Kulibandika gamba la plasta ni kujidanganya. Kingo za plasta zenyewe zinakusanya uchafu. Liondoeni kwenye matumizi siku hiyohiyo, lipelekeni kwa fundi wa sofa. Keko wamejaa, na kubadilisha leza na sponji ni kazi ya muda mfupi.

Kwenye skrini na vitufe vya mashine ya kukimbilia, dawa inapulizwa kwenye kitambaa, kamwe si kwenye mashine. Maji yanapenya pembeni mwa vitufe na kufika kwenye saketi, na mwaka ujao mnamlaumu muuzaji. Mara moja kwa mwezi chomoeni waya ukutani, subirini muda ambao kitabu cha mashine kimeeleza, fungueni kifuniko cha mbele. Mtakuta vumbi, nyuzi za nguo na unga wa mkanda vimeganda kwenye mota. Hivyo vinazuia hewa, mota inapata joto, mashine inajizima katikati ya mbio. Fyonzeni kwa mashine ya vumbi yenye brashi laini, bila tone la maji. Baiskeli za mazoezi zifutwe baada ya kila kipindi, hasa chini ya usukani na kwenye nguzo ya kiti, kwa sababu jasho linadondoka wima. Chumvi iliyobaki pale inavuta unyevu wa hewa usiku kucha, na nguzo inaganda kwa kutu isitoke. Walioko Msasani, Masaki, Kunduchi, mna chumvi ya bahari juu ya hiyo ya jasho, kwa hiyo chuma chenu kifutwe mara nyingi zaidi. Vyuma virefu vya kunyanyulia visuguliwe kwa brashi ya nailoni kutoa chaki wanayojipaka wateja mikononi, kisha mafuta mepesi kidogo sana, yafutwe yasiteleze mkononi. Na anayefuta nyaya za mashine ndiye wa kwanza kuona uzi uliokatika. Mpeni ruhusa ya kuifunga mashine hiyo papo hapo bila kumsubiri meneja.

Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo wengi mnayategemea pale bomba linapokauka, yanafaa vyooni na kwenye sakafu ya bafu. Kwa mashine na vioo tumieni maji baridi yasiyo na chumvi, hata ikibidi kuyanunua. Ndoo moja inatosha kwa siku.

Sakafu ya mpira imetengenezwa kwa chembe za matairi zilizogandishwa, na ina matundu. Ifyonzwe vumbi kwanza, kisha ipigwe deki kwa sabuni isiyo kali na mopu iliyokamuliwa sawasawa. Ukimwaga maji kama unaosha baraza, yanapita kwenye maungio, yanakaa chini, na baada ya wiki mbili jimu nzima inanuka kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Harufu hiyo haitolewi na manukato. Vigae vya mpira vinainuliwa, sakafu ya chini inakaushwa kwa feni, ndipo vinarudishwa. Ile desturi ya kutia mafuta ya taa kwenye maji ya deki ili sakafu ing'ae na wadudu wakimbie muiache kwenye sementi. Mpira unafura na kulegea. Tumieni ndoo mbili, moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia mopu, na mkiona kitako cha ndoo hakionekani, mbadilishe maji. Deki ya mwisho iishe angalau saa moja kabla ya kuzima kiyoyozi, feni ziachwe zikiwaka. Nunueni kipima unyevu. Ni kifaa kidogo cha ukutani. Mkiweza kukaa chini ya asilimia 60, ukungu unakosa nguvu.

Bafuni, toeni vichanja vya mbao na mazulia ya plastiki yenye matundu. Chini yake ndiko fangasi wanakozaliana, na hakuna anayevinyanyua. Sakafu iwe na mteremko unaopeleka maji kwenye tundu, ikwanguliwe maji kwa mpira mara kadhaa kwa siku, na usiku ipakwe ule mchanganyiko wa 0.1, dakika kumi, isuuzwe, ikwanguliwe tena. Kichwa cha bomba la mvua kikiziba kwa chumvi, kilowekwe kwenye siki, kisuuzwe kwa maji mengi kabla ya jiki kukaribia. Kandambili bafuni iwe sharti.

Kuna ndoo moja wengi hamwihesabu, ile iliyowekwa nyuma kukinga maji ya kiyoyozi. Mbu wa dengi, Aedes, anataka maji safi yaliyotulia, tena anauma mchana, saa za wateja wenu. Mlipuko wa mwaka 2019 ulituumiza sana jijini hapa. Yai hadi mbu kamili ni kama wiki moja na zaidi kidogo. Ndoo imwagwe kila siku, na mara moja kwa wiki isuguliwe ndani kwa brashi, kwa sababu mayai yananata ukutani mwa ndoo na yanavumilia ukavu kwa miezi. Ukimwaga bila kusugua, unayasubirisha tu. Vichujio vya kiyoyozi vioshwe kila wiki mbili, vikauke kabisa kabla ya kurudishwa.

Matambara yawe na rangi: jekundu la choo na bafu, la bluu la mashine, la kijani la kaunta ya juisi, na yasikutane hata kwenye beseni la kufulia. Taulo zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60, bila dawa ya kulainisha nguo, inayozifanya zisinyonye maji. Wakati wa masika jua halitoshi, kwa hiyo kuweni na akiba ya taulo mara mbili, au mashine ya kukaushia. Taulo mbichi isikunjwe. Mikeka ya yoga ifutwe pande zote mbili na itundikwe, isiviringishwe ikiwa na maji. Glavu za ndondi za kuazimisha ni miongoni mwa vitu vichafu zaidi jimuni: haziloweki, hazifuliki. Futeni ndani kwa kitambaa chenye dawa, jazeni magazeti makavu, zianikwe mbele ya feni mdomo ukiwa wazi, na msimwazimishe mtu asiye na bendeji zake za mkononi.

Sasa naomba wawili wenu wenye nguvu mje hapa mbele. Tulipindue benchi hili miguu juu, maana jasho linateremka kingoni na kuganda pale leza ilipopigwa pini. Mwenye kurunzi amulike kutoka pembeni, si kutoka juu. Utando unaonekana kwa mwanga wa ubavuni. Wengine sogeeni karibu, na mwenye jagi apime jiki tukiwa tunaangalia.