Mlango Mwembamba: Jinsi Bakteria Wanavyogombea Makao

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha. Nianze na kero ya siku nyingi ya wataalamu wa udongo.

Hewa ni nitrojeni kwa asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Mimea ya jamii ya kunde imepata njia: ndani ya vinundu vya mizizi yake huishi bakteria waitwao raizobia, ambao huigeuza ile nitrojeni ikawa chakula cha mmea. Mtaalamu wa vijidudu wa Uholanzi, Martinus Beijerinck, alifanikiwa kuwatenga mwaka 1888. Tangu hapo wazo limekuwa jepesi: tafuta ukoo wa raizobia wachapakazi, wapake kwenye mbegu, panda. Kwenye chungu chenye udongo uliosafishwa vijidudu, mambo huenda vizuri. Shambani, pasua vinundu uone. Mara nyingi waliomo ni wazawa wa udongo ule ule, pengine wavivu wa kutupwa, na wateule wetu hawaonekani.

Walishindwa wapi? Kwa jibu la swali hilo tutoke shambani twende baharini, maana huko mbio zenyewe zinaonekana chini ya darubini.

Kwenye maji ya kina kifupi ya visiwa vya Hawaii yupo ngisi mdogo, Euprymna scolopes, anayewinda usiku. Ana kiungo kinachomulika kuelekea chini, ili adui aliye chini yake asione kivuli chake kwenye mbalamwezi. Mwanga huo ni wa bakteria, Vibrio fischeri. Sasa, ngisi huanguliwa hana hata mmoja wao. Inambidi awaokote majini, kati ya bakteria wa kila namna, na hao anaowataka hawafiki hata mmoja katika elfu.

Anawapataje? Kiungo chake kina vijipembe vyenye nywele ndogo mno zinazovuta maji, na ute unaonasa vinavyopita. Kwenye ute huo Vibrio fischeri hujikusanya na kujigandisha pamoja kwa utando wao wenyewe. Asiyejua kutengeneza utando habaki. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba ukoo wa bakteria hao hao unaoishi na samaki wa Japani, ukiongezewa jeni moja tu ya udhibiti, rscS, unaweza kuingia kwa ngisi. Jeni moja! Nimelisimulia mara nyingi jambo hili na bado sijalizoea.

Baada ya hapo ni kuogelea. Ngisi hutoa naitriki oksaidi, ambayo ni sumu kwa wasiojua kuihimili, na vipande vya kitini, ile dutu ngumu ya magamba ya kaa na wadudu, vinavyowaelekeza wanaostahili njia ya kupita. Matundu ya kuingilia ni sita, matatu kila upande, na kila moja lina ujia wake na chumba chake. Wanaofika chumbani ni wachache ajabu: mara nyingi chumba kizima huanzishwa na seli moja au mbili, ambazo huzaliana hadi kukijaza.

Je, koo mbili zikikutana? Koo nyingine hubeba kitu mfano wa mkuki, ambao humchoma jirani na kumtia sumu. Ndugu wa ukoo mmoja wana kinga yake. Ukiwapa ngisi wachanga ukoo wenye mkuki na ukoo usio na kinga, unaweza kuwakuta wote wawili ndani ya ngisi mmoja, ila kila mmoja chumba chake. Mafahari wawili hawakai zizi moja, na hapa mazizi yapo kadhaa.

Nataka mtazame sifa za mshindi: kujigandisha, kuogelea, kuvumilia sumu, kuua jirani. Katika hizo zote, iko wapi kazi aliyoitiwa? Kutoa mwanga hakumo. Bakteria walioondolewa jeni za mwanga huingia mlangoni kama kawaida. Ila baada ya siku moja au mbili idadi yao hushuka, na wenzao wanaong'aa hubaki. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wa gizani hana la kulima.

Kwa hiyo wembamba wa mlango, kwa maoni yangu, una faida kwa mwenyeji. Usipochanganya wageni chumba kimoja, unajua nani wa kulipwa na nani wa kunyimwa.

Turudi mzizini. Unywele wa mzizi hujikunja na kumfungia bakteria aliyetoa ishara inayokubalika, na kinundu kimoja kwa kawaida huanzishwa na seli moja. Wateule wetu wamekaa pale mbegu ilipo, ilhali mzizi unarefuka kuelekea udongo ambako wazawa wamekwisha tanda. Uchapakazi wao haujaulizwa bado. Huulizwa baadaye. Mwaka 2003 mtafiti Toby Kiers na wenzake waliizungushia mizizi ya soya hewa iliyowekwa gesi ya agoni badala ya nitrojeni, bakteria wakawa hawana cha kugeuza. Mmea ukapunguza oksijeni inayoingia kwenye vinundu vile, na uzazi wa bakteria ukashuka kwa takriban nusu. Kinundu kikianzishwa na wawili, mchapakazi na mvivu, adhabu ya kinundu kizima ingewaangukia wote; huo ndio mwanya wa mvivu.

Utumboni nitapita haraka, maana saa inanitazama. Panya asiye na bakteria yeyote akipewa bakteria wa utumboni waitwao Bacteroides fragilis, nafasi yao hujaa. Wa spishi hiyo hiyo wakija baadaye hukosa pa kukaa, ingawa spishi nyingine hupokewa. Ilichapishwa mwaka 2013, na jeni zinazohusika zinajulikana.

Naona mkono umenyooshwa kule nyuma. Unauliza aliyeshinda anastarehe hadi lini? Kwa yule ngisi, hadi alfajiri. Kila kunapopambazuka hutema baharini asilimia 90 au zaidi ya bakteria wake, na waliobaki huanza kuzaliana upya kwa ajili ya usiku unaofuata. Waliotemwa huelea kwenye maji yale yale watakamoanguliwa ngisi wengine, na kwa wingi wao ndio watakaofika kwanza kwenye ute.