Namba ni ya Chombo, Si ya Nahodha

Mheshimiwa Mwenyekiti, manahodha wenzangu, na nyinyi vijana wa mashua ndogo mliojibanza huko nyuma, habari za jioni. Nimepewa nusu saa nizungumzie namba za kufidia vyombo katika mashindano yetu ya mchanganyiko, pale vyombo vya aina tofauti vinaposhindana pamoja. Wengi mmeshanisikia nikilisema hili ukumbini na ufukoni. Nitalisema tena, kwa sababu kila msimu ukiisha malalamiko ni yale yale: "Fulani ameshinda mno, mrekebishieni namba yake."

Fulani hana namba! Chombo chake ndicho chenye namba.

Hesabu yenyewe mnaijua: muda uliotumika kwa sekunde, zidisha kwa elfu moja, gawanya kwa namba ya Portsmouth, ile ambayo kila aina ya chombo imepewa kwenye orodha ya Uingereza. Chombo cha kasi namba yake ni ndogo, cha polepole kubwa. Chukueni aina mbili za mashua ndogo za tanga: Laser tuiweke 1100 na Topper, ya polepole zaidi, 1370, nimezikata kidogo zisitusumbue. Laser ikimaliza kwa saa moja kamili, muda wake uliosawazishwa ni sekunde 3273. Topper ikiingia baada ya dakika 75 inapata 3285. Laser imeshinda kwa sekunde 12. Sasa kamati iionee huruma Topper, iiongezee pointi kumi tu, iwe 1380. Muda wake unashuka hadi 3261 na ushindi umehama. Pointi kumi, ambazo hazifiki asilimia moja! Kwa hiyo anayesimama mkutanoni akasema "ongezeni ishirini, thelathini hivi," ajue kwamba anagawa vikombe kwa mdomo.

Chukueni Laser mbili za aina moja, matanga mapya yote mawili. Zimeanza pamoja, moja imeingia dakika nne baada ya nyenzake. Mtaipa namba gani hiyo ya nyuma? Naona mnacheka, maana jibu liko wazi: ile ile. Dakika nne zile ni za nahodha. Alichelewa mstarini, akaenda katikati ya mkondo wakati mwenzake amejibana na mwamba penye maji matulivu, akageuza mara kumi pale mwenzake alipogeuza mara sita. Ikiwa kwa Laser mbili jibu ni rahisi hivyo, kwa nini likawa gumu pale huyu wa nyuma anapokuwa ndani ya mashua ya aina nyingine, Wayfarer au Enterprise? Uzembe wa kuanza ni ule ule. Umevikwa tu umbo jingine la chombo, na kamati inapita hapo hapo na kalamu yake kuufidia.

Kuna atakayesema, "Mbona gofu wanampa mtu fidia yake na hakuna ugomvi?" Ni kweli, na mimi sina neno na fidia ya mtu. Tukitaka, tuanzishe kikombe cha pembeni ambapo kila nahodha anapewa kiwango chake kutokana na matokeo yake, na wageni wapate kufurahia. Lakini kiwe kitabu cha pili na kikombe cha pili. Ukivichanganya, kijana anayejifunza kwenda joshi, yaani kupanda dhidi ya upepo, vizuri anaona kila akipiga hatua namba inamrudisha nyuma. Atajifunza kwa ajili ya nini? Na nahodha mzuri akiuza chombo chake, mnunuzi anarithi adhabu ya sifa za mtu mwingine. Hilo nalipinga, na nitalipinga hata kikao kijacho.

Basi namba irekebishwe lini? Irekebishwe pale aina ya chombo, ikiendeshwa vizuri na watu tofauti, katika pepo tofauti, inapoendelea kuonyesha kwamba orodha haikuielewa kwenye maji yetu. Hilo linawezekana kabisa. Orodha ya Portsmouth ilizaliwa kusini mwa Uingereza, na hadi leo chama chao cha mashua, RYA, huipanga kwa matokeo yanayotumwa na klabu za kule, nyingi zikishindana kwenye maziwa na mabwawa. Chama chenyewe kinaziambia klabu zichukue namba zile kama mwongozo na zirekebishe zinapoona haja. Sisi tumezishika kama msahafu. Wamarekani wana mfumo wao wa PHRF, unaohesabu sekunde kwa kila maili ya bahari, na kule boti ya aina moja inaweza kuwa na namba hii eneo moja na namba nyingine eneo jingine, bila mtu kuona ajabu.

Lakini kabla ya kugusa namba, tazameni maji. Bamvua letu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na maji hayo yote yanapita mlangoni mwetu. Laser inakwenda noti nne, yaani maili nne za bahari kwa saa, Topper noti tatu nukta mbili. Uwiano ni 1.25, karibu sawa na namba zao. Wekeni mkondo wa noti moja usoni: Laser inabaki na tatu, Topper na mbili nukta mbili. Uwiano umekuwa 1.36! "Lakini watarudi na mkondo," mtaniambia. Nimeipiga hesabu hiyo pia. Kwenda na kurudi umbali ule ule, uwiano unabaki karibu 1.30. Mkondo ukikuchelewesha wakati wa kwenda, haukurudishii yote wakati wa kurudi, na chombo cha polepole ndicho kinachoumia zaidi. Topper yetu haina kosa la namba. Ina kosa la msimamizi aliyewaanzisha saa ambayo maji yanakimbia. Pangeni mbio wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo, au karibu na maji kusimama, kisha ndipo mlete madaftari tujadili.

Na mkishayaleta, fanyeni hivi. Kila mbio, chukueni wastani wa muda uliosawazishwa wa thuluthi mbili za mbele, maana walioko mkiani mara nyingi wamepinduka au wamekosa boya. Gawanyeni muda halisi wa kila chombo kwa wastani huo, zidisheni kwa elfu: hiyo ndiyo namba kiliyoionyesha siku hiyo. Kusanyeni ya msimu mzima wa kusi na mzima wa kaskazi. Kisha sogezeni theluthi ya tofauti, si tofauti yote.

Ngalawa sasa, na hapa kamati inisikilize. Haimo kwenye orodha ya Uingereza na haitakuwemo. Kuifungia nje kwa sababu hiyo, kwenye pwani hii, ni aibu. Njia niliyoitaja inaipatia namba bila kumuuliza mtu: ishindane, iandikwe muda. Ila jueni kwamba tanga lake na foromali, ule mti unaolibeba tanga, lazima vihamishwe upande wa pili wa mlingoti kila inapogeuka, kwa hiyo mbio fupi zenye mageuko mengi zitaionyesha mbovu kuliko ilivyo. Upepo wa ubavuni ukiwa mzuri itawashangaza. Iandikieni namba kwa njia ndefu, na njia fupi wekeni namba ya pili.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kusema juu ya katamarani, zile za mabodi mawili: zina mifumo yake, na ningependa Hobie, ambazo ni za aina hiyo, zianze peke yake. Upepo mwepesi na upepo mkali kuwa na namba mbili mbili, hilo linahitaji jioni nzima. Mizunguko: mashua ndogo zikisimamishwa mapema, hesabuni kwa wastani wa mzunguko, msikisie.

La mwisho ni la kamati. Namba zibandikwe ubaoni kabla ya mbio ya kwanza ya ligi, na zisiguswe mpaka mbio ya mwisho iishe, hata mwenyekiti akilalamika. Karani wa muda apewe msaidizi, maana sekunde 12 zile za Laser na Topper zinategemea jicho lake, na peke yake hawezi kuandika vyombo vitano vinavyovuka mstari kwa pamoja. Nani anajitolea Jumamosi hii?