Scott Sigler: jamaa aliyegawa riwaya bure halafu akaziuza

Haya, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Nimeombwa niongelee mwandishi mmoja wa nje, nimemchagua Scott Sigler, Mmarekani, kwao Cheboygan, kamji ka kaskazini mwa Michigan huko kwenye baridi kali, anaandika riwaya za kutisha zilizochanganywa na sayansi. Na sijamchagua eti kwa kuwa ndo bora kuliko wote, hapana, sentensi zake nyingine za kawaida tu, nimemchagua kwa namna alivyopenya.

Mwaka 2001 riwaya yake EarthCore ilitoka kielektroniki kupitia kitengo kimoja cha AOL Time Warner, kampuni kubwa ya habari ya Marekani, na mpango ulikuwa mwaka unaofuata ije ya karatasi madukani. Kitengo kikafutwa. Sasa we fikiria, ushawatangazia ndugu jamaa na marafiki kwamba kitabu kinakuja, halafu kimya, na mswada unao mezani unakuangalia.

Akakaa nao miaka mpaka Machi 2005. Podikasti, yaani vipindi vya sauti vya kupakua mtandaoni, wakati huo ni kitu cha watu wachache wanaopenda kompyuta, hata iTunes, ile programu ya muziki ya Apple, ilikuwa haijaanza kuziweka, ilikuja kuziweka Juni mwaka huohuo. Jamaa akatafuta kama kuna riwaya inayosomwa kwa podikasti akakuta hakuna, basi akachukua maiki akaanza kuisoma mwenyewe, kipande kwa kipande, bure. Hadithi yenyewe ni kampuni inachimba mlima Utah inatafuta platinamu, wanashuka chini wee, kumbe huko chini kuna wenyewe! Ikafika kama wasikilizaji 10,000, na hao mashabiki akawa anawaita mateja, nao wanafurahi tu kuitwa hivo.

Sasa hapa ndo nataka mnisikilize vizuri, maana watu wengi wakisikia hii stori wanaondoka na neno bure peke yake. Kugawa bure kila mtu anaweza, sisi wenyewe tunatupia hadithi Facebook kila siku, itaendelea, itaendelea, sehemu ya kumi na mbili mwandishi kapotea, simu haipokelewi. Sigler kazi ilikuwa imeisha kabla hajaanza kusoma, na kila kipande anakikata pale ambapo mtu lazima arudi. Halafu siku ya kuomba ilipofika aliomba kitu kimoja, chenye tarehe.

Tarehe yenyewe 1 Aprili 2007. Kitabu ni Ancestor, kimetoka kwa wachapishaji wadogo, Dragon Moon Press. Wiki mbili kabla akaachia PDF ya bure ya kitabu kizima, kizima jamani, halafu akawaambia mateja wake wanaotaka kununua wanunue Amazon siku hiyohiyo. Mnaelewa ujanja uko wapi? Chati ya Amazon inaangalia mauzo ya muda mfupi, kwa hiyo watu walewale wakinunua kidogokidogo mwaka mzima hakuna anayewaona, ila wakija kwa mpigo kitabu kinaruka juu. Kikafika namba 7 kwenye orodha nzima, na kwa upande wa riwaya za kutisha na za kisayansi kikawa namba 1.

Wakubwa wakashtuka. Crown, wachapishaji waliokuwa chini ya kampuni kubwa ya vitabu ya Random House, wakampa mkataba wa vitabu vitatu, na 1 Aprili 2008 ikatoka Infected, jalada gumu. Hii mkiisoma msiisome mnakula. Kuna Perry Dawsey, pande la mtu, alicheza futiboli ya Kimarekani chuoni Michigan mpaka goti likamharibia, sasa hivi yuko ofisini anasaidia watu na matatizo ya kompyuta. Anaanza kuwashwa. Anajikuna, panatoka kipele, baadaye chini ya ngozi panaonekana pembetatu, halafu hizo pembetatu zinaanza kumsemesha kichwani. Anajifungia kwenye apatimenti, anachukua mkasi wa jikoni, ule wa kukatia kuku, anaanza kujitoa moja moja. Nimewaambia.

Akaendelea, Contagious mwishoni mwa 2008, Pandemic 2014. Ila angalia alichofanya katikati: mwaka 2009 The Rookie, futiboli hiyohiyo ikichezwa na viumbe wa sayari mbalimbali, hiyo kaitoa mwenyewe kupitia kampuni yake ndogo. Mkataba mkubwa upo mfukoni na bado kaacha mlango wake wazi, hapo mimi namvulia kofia.

Dada pale anauliza, mtu akishapata bure atanunua kweli? Ancestor ilisomwa bure kwa sauti, ikagawiwa bure kwa PDF, ikauzwa na wachapishaji wadogo, na 2010 Crown wakaitoa tena kwa jalada gumu, wakaiuza. Na ni hadithi ya wanasayansi kisiwani wanaotumia ng'ombe kubeba mimba za mnyama ambaye viungo vyake wanataka kupandikiza watu, tena huyo mnyama akizaliwa ana njaa.

Haya, swali lingine.